Jakuzi si jina la kila bathtabu

Siku hizi ukitafuta nyumba hapa Dodoma, iwe Iyumbu, Njedengwa au Ilazo, hukosi kuambiwa na dalali kwamba chumba masta kina jakuzi. Ukifika unakuta bathtabu. Nyeupe, safi, imekaa mbali na ukuta, pengine imesimama juu ya miguu minne yenye makucha, lakini haina pampu, haina matundu ya kurushia maji, wala hakuna waya wa umeme unaoifikia. Hiyo si jakuzi. Kwenye tangazo kosa hilo halimuumizi mtu sana. Linaanza kuuma pale mwenye nyumba anapomwagiza fundi kwa jina hilohilo, maana fundi naye anajenga alichotajiwa.

Bathtabu ya miguu ni ile isiyojengewa ukutani wala sakafuni, inayobebwa na miguu minne ya chuma iliyotengenezwa kwa umbo la wayo wa simba, au la kucha zilizokamata mpira. Ya asili ni ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na ndani imepakwa enameli, yaani utando mgumu unaong'aa kama kioo. Ziko zenye ukingo ulio sawa pande zote na ziko zilizoinuka upande mmoja ili mtu aegemeze mgongo, lakini hayo ni mambo ya umbo tu. Jina limetokana na miguu.

Sasa jakuzi. Jacuzzi ni jina la ukoo. Ni ndugu saba wa Kiitaliano, kutoka Friuli, kaskazini-mashariki mwa nchi yao, waliohamia California mwanzoni mwa karne ya 20. Walianza kwa kutengeneza propela za ndege, kisha wakaunda ndege yenyewe. Mwaka 1921 ndege yao moja ilianguka ikamuua mmoja wao, Giocondo, pamoja na wengine waliokuwemo. Familia ikaachana na mambo ya anga, ikageukia pampu za kuvuta maji kwenye visima vya wakulima. Watu wa Dodoma, ambao maji yao kwa miaka mingi yametoka kwenye visima virefu vya Mzakwe, nadhani wataielewa kazi hiyo haraka kuliko wengine.

Mdogo wao wa mwisho, Candido, alikuwa na mtoto aitwaye Kenneth aliyepata baridi yabisi angali mdogo sana. Hospitalini mtoto alikuwa akitibiwa kwa maji yanayozungushwa kwa nguvu, na yakimpunguzia maumivu. Katika miaka ya 1940 Candido akatumia ujuzi wa familia kutengeneza pampu ndogo ya kumhudumia mwanawe nyumbani. Pampu hiyo ilikuwa ya kubebeka. Ilitumbukizwa ndani ya bathtabu ya kawaida, ikazungusha maji, na tiba ikiisha inatolewa. Mwaka 1956 ikaanza kuuzwa kwa watu wengine. Ilipofika 1968, Roy Jacuzzi wa kizazi cha tatu ndipo alipotoa bathtabu yenye pampu na matundu yaliyojengewa humohumo.

Kwa hiyo tangu mwanzo jakuzi ilikuwa pampu, na bathtabu ilikuwepo kabla yake. Kuiita bathtabu tupu jakuzi ni sawa na kukiita kisima pampu.

Bathtabu ya miguu ina ukoo wake mwingine kabisa, na wa zamani zaidi. Mwaka 1883, huko Sheboygan, Wisconsin, John Michael Kohler alichukua hori la chuma, aina iliyotumika kunyweshea mifugo na kuchemshia maji ya kunyonyolea nguruwe, akalipasha moto kufikia nyuzi zaidi ya 900, akalinyunyizia unga wa enameli. Akaliweka kwenye orodha ya bidhaa zake kwa maelezo kwamba likifungwa miguu minne linafaa kuogea. Hakukuwa na injini yoyote humo. Miguu nayo haikuwa pambo tu. Bathtabu nyingi za wakati ule zilizungushiwa maboksi ya mbao, na ndani yake unyevu na wadudu vilijificha. Iliyoinuliwa kwa miguu ilionekana ni ya usafi, kwa kuwa ufagio na tambara hupita chini yake.

Kuna mkanganyiko wa pili, mdogo lakini nao unasumbua. Bathtabu za kisasa za plastiki ngumu zinazosimama peke yake huku zimekalia sakafu moja kwa moja nazo huitwa za miguu. Hazina miguu. Ukiwa dukani chukua sumaku, hata ya spika mbovu. Ikishika ubavuni, ni chuma. Kisha gonga kwa kifundo cha kidole: ya chuma cha kalibu hutoa mlio mzito unaokatika mara moja, ya bati la chuma hulia kama kengele, na plastiki sumaku haishiki kabisa. Enameli ya ndani ni ileile ya vikombe na sahani za bati tulizokulia, kwa hiyo ikibanduka, pale palipobanduka patashika kutu. Pitisha kiganja ndani yote taratibu kabla hujalipa. Kama ni ya mtumba, hakikisha miguu yote minne ni yake, kwa sababu ya bathtabu nyingine mara nyingi haiingii.

Tofauti hizi ndizo zinazoamua uandae nini nyumbani. Jakuzi inataka laini yake ya umeme yenye swichi ya kukata umeme unapovuja, na inataka maji yafunike matundu kabla haijawashwa. Maji yetu ya visima yana chumvi nyingi. Ule ukoko mweupe unaouona kwenye birika na kwenye koili ya hita hujijenga pia ndani ya matundu hayo na kuyaziba. Bathtabu ya miguu haina cha kuziba. Ioshe kwa sabuni, ikaushe kwa tambara ukimaliza kuoga, na usiipake dawa kali za chooni, kwani asidi hula mng'ao wa enameli.

Inachotaka yenyewe ni sakafu. Ya chuma yenye urefu wa sentimita 150 huweza kufika kilo 120 ikiwa tupu. Weka maji lita 150 na mtu wa kilo 70, unapata kilo 340 juu ya miguu minne, yaani kilo 85 kila mguu, kwenye eneo dogo kuliko kiganja. Juu ya jamvi la zege lililolala ardhini hilo si tatizo, ila gonga tailizi mahali miguu itakapokaa; zinazolia uwazi chini yake zitapasuka. Kama ni ghorofani, muulize injinia kwanza. Na kwa kuwa nafasi kati ya bathtabu na sakafu ni ndogo, trapu ya maji machafu, yaani kona ya bomba inayobakiza maji ili kuzuia harufu, mara nyingi hukaa chini ya usawa wa sakafu, kwa hiyo nafasi yake iachwe kabla zege halijamwagwa.

Halafu maji. Lita 150 ni ndoo saba na nusu za lita 20, na kipindi cha mgao kila mmoja anajua ndoo saba zina maana gani. Hita ya kichwa cha bomba la mvua haitoshi. Ukitaka maji ya nyuzi 40 kutoka tangi lenye maji ya nyuzi 22, utahitaji kama lita 70 za maji ya nyuzi 60, maana yake hita ya tangi isiyopungua lita 80, ya umeme au ya jua. Kwa jua la Dodoma mimi ningechagua ya jua, ingawa asubuhi za Julai utakumbuka kuwa baridi ya huku si ya kudharau.

Basi dalali akikwambia jakuzi, muulize tu kwa upole pampu iko wapi. Na ukiandika oda ya ujenzi, andika kitu chenyewe: bathtabu ya chuma ya miguu minne, sentimita 150, koki na mabomba yatokee sakafuni. Fundi umeme hatavuta waya usiohitajika, na fundi bomba atajua pa kuacha nafasi ya trapu.