Mambo Mbotela na hii kazi ya kutangaza mpira redioni

Vijana wakiniuliza waanzie wapi kujifunza kutangaza mpira redioni huwa nawaambia watafute sauti za Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji wa redio ya taifa ya Kenya, hasa za miaka ya 80, wafunge macho wasikilize tu. Kwenye TV picha inakubeba, unaweza kunyamaza kidogo na hakuna atakayelalamika, redioni ukinyamaza watu wanadhani stesheni imekatika. Msikilizaji anataka kujua mpira uko wapi, nani anao, anaelekea goli gani, na ni ngapi ngapi, na hiyo ngapi ngapi uirudie kila mara maana kuna mtu ndo kwanza amewasha redio.

Mbotela alizaliwa Mombasa, Freretown, 1940, kwa hiyo Kiswahili hakukisomea kazini, alikuja nacho. Redio ya taifa aliingia 1964. Wakati Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, inabeba Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1981 mpaka 1983, na Mahmoud Abbas yuko golini, Wakenya wengi mno hawakuwahi kukanyaga uwanjani, timu ile waliijua kwa masikio.

Sasa ndo uelewe ya 1 Agosti 1982, siku ya jaribio la mapinduzi Kenya. Wanajeshi wa anga wa kundi la Hezekiah Ochuka walimfuata Mbotela nyumbani kwake Nairobi wakampeleka studio chini ya mtutu, atangaze serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Kwa nini yeye? Mimi naona ni kwa sababu akisema goli, nchi nzima ilijua ni goli. Siku hiyohiyo jeshi tiifu likaikomboa stesheni na ni yeye tena akatangaza Moi bado yupo.

Wengi pia wanamkumbuka kwa Je, Huu ni Ungwana?, kipindi cha adabu alichokianza 1966. Alifariki Februari 2025 akiwa na miaka 84.

Kitu ninachotaka vijana waibe kwake ni kupanda kwa sauti. Mpira ukiwa katikati anaongea kawaida, ukifika pembeni kwa winga anaongeza, ukiingia boksi na wewe umeshasimama. Siku hizi mtu anaanza kupiga kelele dakika ya kwanza, goli likija sauti imekwisha, na wengine kona inapigwa wao wanasoma takwimu za Ligi ya Uingereza kwenye simu.