Muuaji kukamatwa siyo mwisho wa kesi: ufafanuzi kuhusu mauaji ya kukodi ya waandishi wa habari

Kila inapokaribia tarehe 2 Novemba, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kupinga ukwepaji wa adhabu kwa wanaowadhuru waandishi wa habari, dawati letu la msaada wa kisheria hupokea maswali mengi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Mengi ni manung'uniko yaliyowekewa alama ya kuuliza mwishoni. Kwa nini dalali wa mauaji amesamehewa? Kwa nini anayedaiwa kutoa fedha yuko nje kwa dhamana? Wauaji walikamatwa mapema, sasa mahakama inangoja nini?

Uchungu huo tunauelewa. Ripoti ya UNESCO ya 2024 ilionyesha kwamba asilimia 85 ya mauaji ya waandishi wa habari duniani hayajafikishwa mwisho kisheria, na anayesoma takwimu hiyo ana haki ya kukasirika. Hata hivyo, mengi yanayodaiwa na umma yangetekelezwa, yangevunja kesi zilezile umma unaozililia. Hivyo tunafafanua, kwa kutumia kesi tatu ambazo kumbukumbu zake ziko wazi. Wale ambao hawajatiwa hatiani tutawataja kwa kadiri mahakama ilivyowataja, si zaidi ya hapo.

Katika mauaji ya kukodi, aliyeshika silaha kwa kawaida hana ugomvi wowote na marehemu. Pengine hajawahi kusoma hata mstari mmoja wa alichoandika. Nyuma yake kuna dalali, nyuma ya dalali kuna mwenye fedha, na pembeni kuna aliyetafuta silaha, gari au nyumba ya kuviziana. Sheria za nchi nyingi humhesabu kila mmoja wao kuwa muuaji: aliyeagiza, aliyeunganisha na aliyetekeleza hubeba uzito mmoja. Methali ya mjumbe hauawi haina kazi mahakamani. Lakini uzito kuwa mmoja hakumaanishi kwamba ushahidi ni mmoja. Kila mtu katika mnyororo huo anahitaji vielelezo vyake, na kadiri unavyopanda juu ndivyo vielelezo vinavyopungua, kwa sababu aliye juu hakuwepo eneo la tukio na hakugusa chochote.

Tuchukue Malta. Mwandishi wa habari Daphne Caruana Galizia aliuawa tarehe 16 Oktoba 2017 kwa bomu lililotegwa ndani ya gari la kukodi alilokuwa akiliendesha, muda mfupi baada ya kutoka nyumbani kwake Bidnija. Alikuwa amechimbua kampuni za siri zilizofunguliwa Panama na watu walio karibu na serikali, na kampuni ya Dubai iitwayo 17 Black. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo polisi walikamata watu 10, na watatu wakashtakiwa. Kilichowafikisha hapo ni simu. Bomu lilikuwa na laini yake ya simu, likalipuliwa kwa ujumbe mfupi uliotumwa kutoka kwenye boti iliyokuwa baharini karibu na Valletta. Mtumaji, George Degiorgio, alikuwa ameishiwa salio, akachukua simu yake ya kila siku na kumpigia rafiki amuongezee euro 5 kwenye ile simu ya kulipulia bomu. Wapelelezi waliposoma kumbukumbu za minara ya simu, simu mbili zilizopaswa kutojuana zikaonekana zikitembea pamoja.

Wenye kusema polisi walitakiwa kumaliza kesi wiki ileile watazame miaka inayofuata. Vincent Muscat, mmoja wa wale watatu walioshtakiwa, alikiri kosa Februari 2021, akapewa miaka 15. George Degiorgio na ndugu yake Alfred walikiri Oktoba 2022, siku kesi yao ilipoanza kusikilizwa, wakapewa miaka 40 kila mmoja. Robert Agius na Jamie Vella, waliotiwa hatiani kwa kuhusika kupatikana kwa bomu, walihukumiwa kifungo cha maisha Juni 2025. Tuliulizwa sana: inakuwaje waliotafuta bomu wapate adhabu kubwa kuliko walioliripua? Jibu ni kwamba wale watatu wa mwanzo walikiri na hawa wawili walishindwa baada ya kesi kusikilizwa hadi mwisho. Kukiri hupunguza adhabu, hata kukija dakika za mwisho, na kukija mapema na kuambatana na taarifa mpya hupunguza zaidi. Muscat alisema aliyoyajua, naye akalipwa kwa hilo. Huo ndio utaratibu, na bila utaratibu huo hakuna mtuhumiwa hata mmoja angefungua mdomo.

Hapo ndipo tunapofika kwa dalali, eneo ambalo barua zetu huwa kali kuliko zote. Melvin Theuma, dereva wa teksi, ndiye aliyepeleka fedha, euro 150,000, kwa watekelezaji. Alipokamatwa Novemba 2019 kwa tuhuma nyingine, alikutwa na boksi la aiskrimu. Ndani yake kulikuwa na rekodi alizokuwa akizichukua kwa siri za mazungumzo yake na mtu ambaye Theuma anadai ndiye aliyemtuma. Alikuwa anaogopa kwamba zamu yake ya kuuawa ingefika. Siku chache baadaye alipewa msamaha wa rais.

Msamaha wa namna hii una masharti, na watu wengi hawasomi masharti, wanasoma neno msamaha. Anayesamehewa hutakiwa kueleza yote anayoyajua, kwa ukweli na kwa ukamilifu, na kuyarudia chini ya kiapo mahakamani mbele ya wale anaowataja. Akificha sehemu, akidanganya au akikataa kupanda kizimbani, msamaha hutenguka na anashtakiwa kama wengine. Ushahidi wake nao haupokelewi hivihivi. Ni ushahidi wa mshiriki wa kosa, mtu mwenye sababu nzuri ya kusukumia wengine mzigo, kwa hiyo hakimu au wazee wa baraza huonywa kuupima kwa tahadhari na kutafuta kitu kingine kinachouunga mkono: rekodi, muamala, ujumbe, safari iliyoandikwa mahali. Ndiyo, ni mtu mwenye damu mikononi. Tunaomba anayelalamika atuambie ni shahidi gani mwingine alikuwepo wakati fedha zinakabidhiwa. Padri?

Ushahidi wa Theuma ndio uliosababisha mfanyabiashara Yorgen Fenech kukamatwa kwenye boti yake tarehe 20 Novemba 2019 na kushtakiwa kwa kushiriki mauaji hayo. Anakana. Mtikisiko uliofuata ulimfanya Waziri Mkuu Joseph Muscat atangaze kuondoka madarakani, na Julai 2021 tume ya majaji watatu ikasema dola yenyewe inabeba lawama kwa kujenga mazingira ya watu kujiona hawaguswi. Ripoti ya tume si hukumu ya jinai. Haimtii mtu hatiani wala haimsafishi. Januari 2025 Fenech alipewa dhamana baada ya zaidi ya miaka mitano rumande, na simu zikaanza kulia ofisini kwetu kana kwamba ameachiwa huru. Dhamana ni utaratibu wa kumngoja mshtakiwa akiwa nje kwa masharti, na haisemi neno lolote kuhusu hatia. Rumande isiyo na mwisho ingekuwa adhabu kabla ya hukumu. Hili tunalirudia kila mwaka.

Slovakia inafundisha jambo chungu zaidi. Mwandishi wa habari Ján Kuciak na mchumba wake Martina Kušnírová, wote wakiwa na umri wa miaka 27, walipigwa risasi nyumbani kwao Veľká Mača mwezi Februari 2018. Mpiga risasi alikiri, dereva wake alitiwa hatiani, dalali alikiri na kutoa ushahidi, na mwanamke aliyedaiwa kupokea agizo na kulipeleka mbele alihukumiwa miaka 25. Mfanyabiashara Marian Kočner, aliyeshtakiwa kwa kuagiza, aliachiwa huru Septemba 2020. Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo 2021. Akaachiwa tena Mei 2023, na Mahakama ya Juu ikaamuru tena, 2025, kwamba shauri lake na la mwanamke huyo lisikilizwe upya. Anakana, na muda wote huo amekuwa gerezani kwa kosa lingine, kughushi hati za madeni.

Hukumu ya kumwachia mtu husema kwamba upande wa mashtaka haukuthibitisha pasipo shaka. Mahakama ya rufaa ikiitengua husema kwamba ushahidi haukupimwa ipasavyo, hivyo upimwe tena. Hakuna kati ya hizo inayosema nani aliua. Tunajua jibu hili haliridhishi. Ila mtu akitiwa hatiani kwa kelele za barabarani, rufaa ya kwanza itamtoa, na safari hiyo atatoka moja kwa moja.

Msumbiji walionja upande mwingine, wa hukumu kupatikana na mfungwa kutoweka. Carlos Cardoso, mhariri wa Metical, jarida dogo lililosambazwa kwa faksi, aliuawa kwa risasi Maputo tarehe 22 Novemba 2000, na dereva wake akajeruhiwa vibaya. Alikuwa akifuatilia wizi wa takriban dola milioni 14 katika Banco Comercial de Moçambique. Kesi ilisikilizwa ndani ya uzio wa gereza lenye ulinzi mkali na kurushwa moja kwa moja redioni na kwenye televisheni, na Januari 2003 jaji Augusto Paulino aliwatia hatiani watu sita, wakiwemo walioagiza. Lakini kiongozi wa kikosi cha wauaji, Aníbal dos Santos Júnior, alikuwa ametoroka gerezani miezi kadhaa kabla na alihukumiwa bila kuwepo. Alirudishwa kutoka Afrika Kusini siku ileile ya hukumu. Mei 2004 akatoroka tena, safari hii hadi Kanada, na kwa kuwa hakuwa amesikilizwa kesi yake ikaamriwa kuanza upya; akarejeshwa, akahukumiwa 2006 karibu miaka 30, na Desemba 2008 akatoroka mara ya tatu. Mtu hatoroki mara tatu kwa kuruka ukuta.

Wakati wa kesi, washtakiwa walimtaja Nyimpine Chissano, mtoto wa rais wa wakati huo. Aliitwa kama shahidi, akakana, akafariki 2007 bila mahakama kuamua lolote juu yake. Jinai haimfuati mtu kaburini, na anayetuandikia kutaka marehemu ahukumiwe tunamjibu hivyohivyo kila mara.

Sasa upande wa wananchi na waandishi wenyewe. Kuciak alipigiwa simu ya vitisho na Kočner Septemba 2017, miezi mitano kabla ya kuuawa. Alipeleka malalamiko rasmi, na vyombo vya dola havikuchukua hatua ya maana. Wengine husema basi hakuna haja ya kuripoti. Ni kinyume. Malalamiko hayo yaliyoandikwa, yenye tarehe, yalibaki kuwa kumbukumbu ya kitisho hicho hata baada ya yeye kufa. Kitisho kiandikwe siku kilipotolewa: saa, namba, maneno yenyewe kama yalivyosemwa na habari uliyokuwa ukiifanyia kazi. Nakala moja ibaki kwa mhariri, nyingine kwa wakili. Usifute ujumbe kwa hasira, wala usiuhamishie kwenye simu nyingine na kutupa ile ya kwanza, kwa sababu kielelezo ni kifaa pamoja na kilichomo.

Na ukipata rekodi au picha inayohusu mauaji, usiisambaze kwenye makundi. Rekodi ikishapita mikononi mwa watu mia, wakili wa utetezi ana swali moja tu la kuuliza, nani kati yao aliihariri, na upande wa mashtaka hauna jibu. Ipeleke kwa mpelelezi au kwa wakili ikiwa kwenye kifaa ilichorekodiwa, na dai hati ya makabidhiano yenye saini za pande zote mbili, tarehe, aina ya kifaa na namba yake ya utambulisho. Ukinyimwa hati, usikabidhi.