Kwa nini foleni ya printa hubaki imesimama hata ukizima na kuwasha seva?

Umeme unakatika saa nane mchana mjini Arusha, unarudi baada ya nusu saa, na ofisi inaendelea na kazi. Ruta inapepesa taa zake, printa inajipasha moto na kuonyesha kwamba iko tayari. Lakini dada wa mapokezi akituma vocha za wageni wa safari, hakuna kinachotoka. Kompyuta yake hailalamiki; inasema kazi imetumwa. Anatuma tena. Anatuma mara ya tatu.

Kwa ofisi ambayo printa yake inapitia seva ya Linux, yaani kompyuta inayopokea kazi za kuchapa za wote, matibabu huwa yana mpangilio unaojulikana. Kwanza inazimwa printa na kuwashwa. Kisha seva. Vyote vikishindikana, fundi anaifuta printa kwenye seva na kuiongeza upya, na karatasi zinaanza kutoka. Basi watu wanakubaliana kwamba umeme uliharibu draiva.

Draiva haikuguswa. Ndani ya Linux, draiva ya printa ni maelezo ya uwezo wa mashine pamoja na programu ndogo za kugeuza waraka kuwa lugha ambayo mashine inaielewa. Wakati wa kuchapa, faili hizo husomwa tu. Hakuna kinachoandikwa ndani yake. Ni kweli umeme ukikatika ghafla unaweza kuharibu diski, na diski ikiharibika lolote laweza kupotea. Ila huo utakuwa umeme wenye chuki ya pekee, unaochagua draiva ya printa kila mara na kuacha hesabu za ofisi, picha na barua pepe vikiwa salama. Tena mara nyingi seva yenyewe haikuzimika hata kidogo, maana iko kwenye UPS, betri inayoishikilia umeme ukikatika.

Kilichotokea ni kwamba seva iliisimamisha foleni, yaani mstari wa kazi zinazosubiri kuchapwa, kwa makusudi, ikauandika uamuzi huo, na inaendelea kuutii. Kuifuta printa na kuiongeza upya kunasaidia kwa sababu foleni mpya huanza bila uamuzi huo. Dawa imefanya kazi, ila kwa ugonjwa mwingine kabisa, na ndiyo maana imani ya draiva iliyoungua haifi.

Programu inayohusika, kwenye Linux karibu zote na kwenye Mac pia, ni CUPS. Michael Sweet ndiye aliyeiandika, toleo la kwanza likatoka mwaka 1999, na Apple ikainunua mwaka 2007. Husikiliza kwenye poti 631, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo. Historia iishie hapo.

Chukua chama cha msingi cha ushirika kwenye miteremko ya Kilimanjaro, msimu wa kahawa. Mzanini yuko karani anayepokea magunia ya wakulima, anayapima na kuyaweka stoo. Nyuma ya stoo kuna lori la kupeleka kahawa Moshi kukobolewa. Siku moja lori linaharibika njiani. Msimamizi anaandika kwenye daftari: lori limesimama. Karani hahusiki na lori, kwa hiyo anaendelea kupima, na magunia yanapanda hadi darini. Usiku lori linatengenezwa na asubuhi liko uani, injini inanguruma. Haliondoki. Halitaondoka mpaka mtu mwenye mamlaka aandike kwenye daftari kwamba liendelee. Kufunga ofisi jioni na kuifungua asubuhi hakubadilishi kitu, kwa sababu daftari lililala kabatini likiwa na maneno yale yale, na kazi ya kwanza ya asubuhi ni kulifungua na kulisoma.

Kila foleni ya CUPS ina mzani wake na lori lake, yaani swichi mbili zisizotegemeana. Ya kwanza inaamua kama foleni inapokea kazi. Ya pili kama inazituma kwenye printa. Ndiyo maana kompyuta ya mapokezi haikulalamika: upande wa kupokea ulikuwa wazi. Kwa foleni iliyopewa jina kaunta, swichi hizo huonekana kwa amri mbili:

lpstat -a kaunta
lpstat -p kaunta

Ya kwanza ikijibu "accepting requests" na ya pili "disabled since", ikifuatiwa na tarehe na saa, basi umelipata lori uani. Ile saa ni ya thamani. Ilinganishe na saa umeme ulipokatika. Zikikaribiana, achana na draiva.

Daftari nalo lipo. Ni faili /etc/cups/printers.conf, na ndani yake, kwenye sehemu ya kaunta, kuna mistari kama hii:

State Stopped
Reason paused
Accepting Yes
ErrorPolicy stop-printer

Seva ikiwashwa, CUPS husoma faili hili na kuirudisha kila foleni katika hali iliyoachwa nayo. Kurestati hakufuti uamuzi, kunausoma upya. Usifungue faili hili na kulirekebisha kwa mkono CUPS ikiwa inaendesha, kwa sababu hulihifadhi tena kutoka kwenye kumbukumbu yake na marekebisho yako yatafutika.

Sasa, wapo watakaoapa kwamba waliwahi kuzima seva na printa ikapona. Inawezekana wanasema kweli. CUPS haiandiki mabadiliko kwenye diski papo hapo. Huyakusanya na kuyaandika baada ya muda unaoitwa DirtyCleanInterval, ambao kwa kawaida ni sekunde 30. Foleni ikisimama na seva ikang'olewa kwenye soketi kabla sekunde hizo hazijaisha, uamuzi unapotea kabla haujaandikwa, na foleni inaamka ikiwa huru. Anayezima kistaarabu kwa amri anaipa CUPS nafasi ya kuandika kila kitu, na foleni inabaki imefungwa. Hapa ustaarabu haulipi, jambo ambalo ni nadra kwenye kompyuta, na bado si sababu ya kuanza kung'oa nyaya.

Ni nani anayeandika kwamba foleni imesimama? CUPS haiongei na printa moja kwa moja. Hutumia programu ndogo iitwayo bekendi: ipo ya USB, ya poti 9100 iitwayo socket, ya IPP (lugha ya kuchapa kupitia mtandao), na nyingine. Bekendi ikimaliza kazi hurudisha namba. Sifuri ni salama. Moja ni kushindwa, na hapo CUPS hufuata sera ya foleni hiyo. Mbili inadai utambulisho, tatu inashikilia kazi, nne inasimamisha foleni bila kuuliza sera, tano inafuta kazi, sita na saba ni kujaribu tena, baadaye au sasa hivi. Matatizo ya umeme huangukia mara nyingi kwenye moja, na sera ambayo CUPS huja nayo kiwandani ni stop-printer: kazi ikishindwa, simamisha foleni, usipoteze kazi, subiri binadamu. Kwa anayechapa hundi huo ni uangalifu. Kwa anayechapa vocha ni adha.

Si kila umeme ukikatika mambo huishia hapo. Kama printa ilikuwa imezimika kabla kazi haijaanza kutumwa, bekendi za mtandao kwa kawaida husubiri na kujaribu kuunganisha tena. Socket husubiri hadi wiki nzima usipoibadilisha kwa contimeout, na ile ya USB nayo hungoja printa ionekane. Hatari zaidi ni umeme kukatika katikati ya waraka, data ikiwa tayari inapita, na hapo tabia hutofautiana kati ya bekendi na bekendi na kati ya toleo na toleo. Kwa hiyo lpstat kwanza, nadharia baadaye.

UPS ina mchango wake. Ushauri sahihi ni kuweka seva na ruta kwenye UPS na kuiacha printa ya leza nje, kwa sababu kipashio chake huvuta mamia ya wati kwa mkupuo na UPS ndogo itazidiwa. Lakini mpangilio huo ndio unaozaa tatizo hili: seva inabaki macho, inaishuhudia printa ikitoweka, na inachukua hatua. Usibadilishe mpangilio. Badilisha sera.

Kwanza ifungue foleni iliyosimama, ila si kwa pupa. Nyuma ya lori kuna magunia. Angalia kilichojazana kwa lpstat -o kaunta. Kama dada wa mapokezi alituma vocha zile zile mara tatu na wenzake wanne wakafanya hivyo hivyo, rimu ya karatasi itaondoka kabla hujafika kwenye printa. Futa marudio kwa cancel na namba ya kazi, mfano cancel kaunta-118, au zote kwa cancel -a kaunta. Kisha:

sudo cupsenable kaunta

Basi. Hakuna kurestati kitu. Mtumiaji aliyemo kwenye kundi la lpadmin, kwa mifumo yenye kundi hilo, hahitaji hata sudo, yaani kuazima mamlaka ya msimamizi wa mfumo, na inafaa mtu mmoja wa ofisini awe na ruhusa hiyo ili fundi asifunge safari kutoka Moshi kwa amri moja.

Kisha sera:

sudo lpadmin -p kaunta -o printer-error-policy=retry-job

Kosa linalojirudia hapa ni kufungua /etc/cups/cupsd.conf, kuandika ErrorPolicy retry-job, kurestati, na kushangaa foleni ikisimama tena wiki inayofuata. Mstari ule ni chaguo la foleni ambazo hazina sera yake. Kaunta, kama ulivyoona kwenye daftari, tayari ina mstari wake, na huo ndio unaoshinda. Pia baadhi ya wasambazaji wa Linux, Ubuntu wakiwemo, wamekuwa wakibadilisha sera hii kabla ya kukupa CUPS, ndiyo maana seva mbili zilizowekwa na fundi yule yule zinaweza kuwa na tabia mbili. Hakikisha kwa sudo grep ErrorPolicy /etc/cups/printers.conf.

Sera ya retry-job hairudii milele. Kiwango cha kawaida cha JobRetryLimit ni mara 5, na zikiisha kazi inatupwa. Muda kati ya jaribio na jaribio ni JobRetryInterval, kwa sekunde. Vyote hukaa kwenye cupsd.conf, na hesabu ni ya kuzidisha tu: interval ya 300 na limit ya 60 ni sekunde 18,000, yaani saa tano, muda unaotosha mchana mbaya. Hakiki faili kwa sudo cupsd -t kabla ya kurestati. Hapa kurestati kuna kazi kweli. Kazi iliyokwisha kutupwa bado inaweza kuokolewa, kwani kwa kawaida CUPS hutunza faili zake kwa siku moja, na lp -i kaunta-118 -H restart huirudisha kwenye foleni.

Sera ya tatu, abort-job, hutupa kazi iliyoshindwa na kuendelea na inayofuata. Inafaa steshenari ambako mteja amesimama mbele yako na atatuma upya mwenyewe. Kwa ofisi ya wakili haifai hata kidogo, maana waraka unapotea kimyakimya na hakuna atakayejua hadi siku ya kesi.

Gharama ya kurudia ni kwamba waraka huanza ukurasa wa kwanza. Umeme ukikatika mara baada ya ukurasa wa 23 kutoka, kwenye mkataba wenye kurasa 40, utapata 23 za mwanzo mara mbili. Kama foleni imesimama na kazi bado inangoja, unaweza kuipunguza kabla ya kufungua:

lp -i kaunta-118 -o page-ranges=24-40

Anza na ukurasa uliokatika, si unaofuata, kama karatasi ilikwama ndani. Na hili hufanya kazi pale tu seva inapopokea waraka kama PDF au mfano wake. Kompyuta ya Windows iliyowekewa draiva ya printa yenyewe hutuma lugha ya printa iliyokwisha pikwa, na CUPS haina namna ya kuhesabu kurasa ndani yake.

Ukifanya yote hayo, lpstat ikasema foleni iko wazi, na bado hakuna karatasi, angalia anwani. Ruta nyingi za ofisini zikizimika na kuwaka hugawa anwani upya, na printa iliyokuwa 192.168.1.50 inaamka ikiwa 192.168.1.53. Seva inaendelea kubisha mlango wa zamani kwa subira ile ya wiki nzima, na lpstat -p itaonyesha "now printing" bila kikomo. Chapa ukurasa wa mipangilio kutoka kwenye vitufe vya printa, linganisha na jibu la lpstat -v kaunta, kisha rekebisha:

sudo lpadmin -p kaunta -v socket://192.168.1.53:9100

Halafu ingia kwenye ruta uifungie printa anwani hiyo kwa namba yake ya MAC (kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao), la sivyo mtaonana tena umeme ukikatika.