Je, wajua kwa nini Kenya ilipata uhuru na kuwa jamhuri tarehe ileile?

Muulize Mkenya 12 Desemba ni siku gani, atakujibu bila kufikiri: Jamhuri Dei. Muulize tena nchi yake ilipata uhuru lini, atataja 12 Desemba hiyohiyo, ila ya 1963. Jamhuri ni ya 1964. Mwaka mzima umepita katikati, na tarehe haikusogea hata siku moja.

Si bahati. Uhuru wa 1963 ulimwacha Malkia Elizabeth wa Pili akiwa mkuu wa nchi, na Gavana Mkuu Malcolm MacDonald akikaa Nairobi kwa niaba yake. Jomo Kenyatta alikuwa waziri mkuu tu. Ili awe rais ilibidi katiba ibadilishwe, na chama cha KADU, kilichotetea mamlaka ya majimbo, kilikuwa kikwazo. Novemba 1964 KADU ikajivunja, wabunge wake wakaingia KANU, chama cha Kenyatta, njia ikawa nyeupe. Zilibaki wiki chache tu kufika maadhimisho ya mwaka wa kwanza wa uhuru. Nani angechagua siku nyingine?

Tena njia hiyo Tanganyika ilikwisha kuipita. Ilipata uhuru 9 Desemba 1961, ikawa jamhuri 9 Desemba 1962. Julius Nyerere, aliyejiuzulu uwaziri mkuu Januari mwaka huo na kumwachia Rashidi Kawawa, alirudi siku hiyo kuapishwa kuwa rais. Uganda nayo ilimtoa Gavana Mkuu 9 Oktoba 1963, mwaka mmoja kamili baada ya uhuru, na Mutesa wa Pili, Kabaka (mfalme) wa Buganda, akawa rais, ingawa jina la jamhuri lilingoja hadi 1967.

Kinachonifurahisha mimi ni majina. Tarehe moja imebeba mambo mawili, lakini sikukuu hupewa jina moja. Kenya ikachukua la pili, Jamhuri. Tanzania Bara ikabaki na la kwanza, na 9 Desemba ni Siku ya Uhuru hadi leo.

Zanzibar haikuwa na Malkia wa kumwondoa. Ilipopata uhuru 10 Desemba 1963, mkuu wa nchi alikuwa Sultani Jamshid, naye hakufikisha mwaka: mapinduzi yalimng'oa 12 Januari 1964. Tarehe inayosherehekewa visiwani ni hiyo ya Januari.