Mtulinga ukivunjika kwa kuanguka na baiskeli ya milimani: kulilea bega mpaka urudi njiani

Mwendeshaji akirushwa juu ya usukani kwenye mteremko, mara nyingi hutua kwa ncha ya bega, na pigo lote hupitia kwenye mtulinga, yaani mfupa unaounganisha bega na kifua. Mfupa huu huvunjika zaidi katikati, mahali ulipo mwembamba na usiposhikwa vizuri na kano. Wengi hupona bila upasuaji. Katika kazi yangu ya fiziotherapia, kinachonisumbua zaidi ni yale yanayoharibika pembeni: bega lililokakamaa, kiwiko kisichonyooka, na mfupa unaovunjika tena kwa sababu mtu alikimbilia kupanda baiskeli.

Pale pale njiani, usijaribu kuurudisha mfupa mahali pake. Kunja upindo wa fulana juu, uufunike mkono wa mbele, kisha uubane kifuani kwa pini. Kama huna pini, tyubu ya akiba ikizungushwa shingoni na kwenye kifundo cha mkono inatosha kukufikisha chini. Hospitali ni ya haraka sana ikiwa vidole vina ganzi au vimepoa na kupauka, ikiwa ncha ya mfupa imeisukuma ngozi hadi ikawa nyeupe, au ikiwa unapumua kwa shida, maana pafu liko karibu sana na hapo. Aliyegonga kichwa na sasa anatapika, anasinzia au anachanganyikiwa, hilo la kichwa ndilo linaloanza.

Ukishapigwa eksirei na kupewa kitambaa cha kuning'inizia mkono, angalia kinavyokaa, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mkono mzima una uzito wa kilo 3 hadi 4 kwa mtu wa kilo 70. Kiwiko kikining'inia, uzito huo huvuta kipande cha nje cha mfupa kwenda chini, na maumivu hayaishi. Kwa hiyo kiwiko kiingie mpaka kwenye kona ya kitambaa, kikunjwe nyuzi 90, kiganja kiwe juu kidogo ya kiwiko, vidole vibaki nje. Fundo likae upande wa shingo, lisikae juu ya uti wa mgongo. Bandeji ya kuzungushwa mabegani kwa umbo la nane siipendekezi: hubana makwapa, na matokeo yake si bora kuliko ya kitambaa.

Usiku, lala nusu umeketi, na uweke mto mdogo chini ya kiwiko ili bega lisirudi nyuma. Ukivaa shati, anza na mkono ulioumia; ukivua, uwe wa mwisho.

Tangu siku ya kwanza, kunja na kukunjua ngumi mara 10 kila saa ukiwa macho. Mara 4 au 5 kwa siku toa mkono kwenye kitambaa, ushushe ubavuni, ukunje na kunyoosha kiwiko mara 10. Maumivu makali yakipungua, kwa kawaida ndani ya wiki 2 za kwanza, na daktari akikubali, anza zoezi la kuning'iniza: inama, shika meza kwa mkono usioumia, uache ulioumia uning'inie, kisha yumbisha kiwiliwili ili mkono ufuate. Wengi hukosea kwa kuuzungusha mkono wenyewe kwa misuli ya bega. Ukihisi bega linafanya kazi, simama uanze upya.

Mpaka wiki ya 6, usinyanyue mkono kupita usawa wa bega wala kubeba kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Baiskeli ya mazoezi isiyosogea unaweza kuipanda mapema, ilimradi ukae wima na usiegemee usukani.

Nawasihi mwe waangalifu hasa kati ya wiki ya 4 na ya 8. Maumivu yamekwisha, mkono unafika kichwani, na mtu anajiona mzima. Lakini mfupa mpya unaounganisha vipande bado ni laini, na mtikisiko wa mawe au anguko dogo huuvunja upya. Sigara nayo huchelewesha kuunga. Iache walau kipindi hiki. Kinundu kitakachobaki juu ya mfupa hakina neno.

Njia zenye mawe zisubiri hadi wiki ya 12 hivi, eksirei ikionyesha mfupa umeunga. Kabla ya hapo jipime: sukuma ukuta kwa mikono miwili, kisha meza, kisha piga pushapu sakafuni bila maumivu. Halafu tafuta uwanja tambarare, ufunge breki ghafla mara kadhaa, uone kama bega linastahimili uzito ukija mbele. Helmeti iliyogongwa uitupe hata kama haionyeshi ufa, na usukani ukaguliwe ulipobanwa. Waliowekewa chuma na skrubu huumizwa na mkanda wa begi la mgongoni. Hao wabebe maji kwenye fremu au kiunoni.