Joto la Kemikali Darasani: Chokaa Hai Si ya Watoto

Kila yanapokaribia maonyesho ya sayansi tunaulizwa swali lile lile: mwanafunzi wa darasa la sita aruhusiwe kuonyesha chokaa hai ikichemsha maji? Hapana. Chokaa iliyotoka tanuri, kabla haijazimwa (yaani kuchanganywa na maji hadi itulie), ikikutana na maji hutoa joto linaloweza kuyafikisha nyuzi 100. Yakiruka, yanaruka pamoja na alikali, kemikali iliyo kinyume cha asidi, inayounguza jicho. Wanaotujibu kwamba "hii si ndiyo ile tunayopaka ukutani?" wanasahau kuwa ya ukutani imekwishazimwa.

Somo lenyewe, kwamba mmenyuko (badiliko la kemikali) hutoa au hula joto, halihitaji hatari hiyo. Kuvunja vifungo vya kemikali, vinavyoshikanisha atomi, hula nishati, kuviunda hutoa. Kinachotolewa kikizidi kinacholiwa, kipimajoto hupanda, kikipungua, hushuka. Mmenyuko si lazima uchemke wala utoe moshi, ingawa dhana kwamba ni lazima imeng'ang'aniwa mno.

Weka siki kwenye glasi, iache ilingane na joto la chumba, pima, kisha tia kijiko cha bekingi soda. Povu lile ni hewa ukaa, na kipimo kitashuka nyuzi kadhaa. Kwa upande wa kupanda, loweka stilwaya isiyo na sabuni kwenye siki, ikamue, izungushie kipimajoto ndani ya chupa iliyofunikwa: inaposhika kutu, hutoa joto. Kipimajoto cha homa hakifai, kwani huanzia nyuzi 35 hivi.

Kwa shule zenye asidi na kostiki soda: nunueni kwa muuzaji aliyesajiliwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Tanzania, chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Dai risiti. Kagua lebo: jina la kemikali, alama ya hatari, huduma ya kwanza. Usihamishie kwenye chupa ya maji ya kunywa, hata kwa saa moja. Funga kabati, funguo akae nazo mwalimu mmoja, na kila kinachotoka kiandikwe daftarini. Kukiuka Sheria kunaweza kuleta faini au kifungo. Asidi kali humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi.

Chokaa hai ikimwangukia mtoto, ipukute ikiwa kavu kwanza, ndipo uoshe. Ikiingia jichoni, suuza papo hapo kwa maji yanayotiririka dakika 20, kisha mpeleke hospitali na lebo mkononi.