Floraidi haiondoki kwa kuchemsha

Kiangazi kikikaribia, dirisha la kupokelea sampuli katika maabara yetu hujaa chupa. Za soda, za juisi, na mwaka huu kuna iliyoletwa ikiwa bado inanukia asali. Wengi wa wanaozileta wamekwisha chimba kisima, wamenunua pampu, wamesimamisha mnara wa tangi na kuvuta bomba hadi jikoni. Ndipo wanauliza kama maji yanafaa kunywa. Tukiwaambia floraidi, madini yanayodhuru meno na mifupa yakizidi, imefika miligramu 6 kwa lita wakati kiwango kinachoruhusiwa ni 1.5, wapo wanaotukasirikia sisi, kana kwamba tumeitia humo maabara.

Floraidi inatoka kwenye mwamba. Mlima Meru, Kilimanjaro na ukanda wote wa Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na majivu na miamba yake ina madini yanayoachia floraidi polepole maji yanapopita. Ndiyo maana chemchemi iliyo juu mlimani, ambayo maji yake hayajakaa sana ardhini, mara nyingi huwa na kiasi kidogo, na kisima kirefu kule tambarare kikawa na kingi. Nasema mara nyingi kwa sababu visima viwili vilivyoachana hatua mia moja vinaweza kutoa majibu tofauti kabisa. Majibu ya jirani yatakupa tahadhari tu, hayawezi kusimama badala ya majibu yako.

Kuna jambo moja linalowashangaza watu kila tukilieleza. Maji yenye floraidi nyingi katika maeneo yetu kwa kawaida ni maji laini, yanayotoa povu kwa sabuni kidogo tu, na akina mama huyasifia sana siku ya kufua. Sababu yake ni kwamba yana kalisi kidogo, yaani madini ya chokaa. Kalisi ingekuwepo kwa wingi ingeishika floraidi na kuigandisha. Inapokosekana, floraidi hubaki imeyeyuka. Kwa hiyo sifa ileile inayokufanya uyapende maji ya kisima chako ndiyo inayotufanya sisi tuyatilie shaka.

Sasa kuhusu kuchemsha. Tumelisema hili kwenye mikutano ya vijiji, redioni na shuleni, na bado kila wiki kuna anayetuhakikishia kwamba nyumbani kwake hakuna tatizo kwa sababu maji huchemshwa. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi si kijidudu. Sufuria ikitokota, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki yote, kwa hiyo kila lita iliyobaki ina nyingi kuliko mwanzo. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii, wala dawa ya klorini, wala kuyaacha yatulie usiku kucha. Kuyatazama pia hakusaidii, maana hayana rangi wala harufu. Magadi yanayotiwa kwenye maharage ili yaive upesi nayo huongeza floraidi, lakini tukiligusa hilo mkutano huwa unageuka ugomvi.

Meno ya kahawia yanayoletwa na floraidi yamekuwa jambo la utani kwa watu wa huku, na utani huo umetucheleweshea kazi. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi karibu miaka 8. Doa likishaingia wakati huo halisuguliki likatoka. Ukibadilisha maji mtoto akiwa na miaka 12, meno ya mbele umeyachelewa, ingawa mifupa bado utakuwa umeisaidia. Maana mifupa nayo huathirika: kwa wanaokunywa kiasi kikubwa kwa miaka mingi viungo hukakamaa, mgongo hukataa kuinama, na katika baadhi ya vijiji miguu ya watoto hupinda. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo. Hatari huanza pale mtoto anapokorogewa maziwa ya kopo au uji kwa maji ya kisima.

Wengine hutuuliza mbona zamani haikuwa tatizo. Lilikuwepo. Mwaka 1974 Tanzania iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa sababu vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine. Baadaye kikashushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Kisima kilichopitishwa enzi hizo hakijapitishwa leo.

Si lazima ukifukie kisima. Kuoga, kufua, kudeki na kujengea ni sawa, kwa kuwa floraidi haipenyi ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Ya kutafutwa ni ndoo moja au mbili kwa siku za kunywa na kupikia. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa. Mwaga ya dakika za kwanza yanayoosha bati, kisha kinga. Kuna pia mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto wilayani Arumeru kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Mifupa ya ng'ombe huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, na maji hupitishwa humo ili mkaa unase floraidi. Mkaa ukichomwa vibaya maji hunuka, na hapo ndipo watu huukataa. Kasoro yake kubwa zaidi ni kwamba mkaa ukishachoka, yaani ukishindwa kunasa tena, hautoi dalili. Maji yanaendelea kupita, ladha ni ileile, na floraidi imerudi. Anayekuuzia chujio akisema halihitaji kubadilishwa, usinunue.

Sampuli ya floraidi iletwe kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo. Washa pampu hadi maji yaliyolala kwenye bomba yaishe, suuza chupa na kifuniko mara tatu kwa maji yaleyale, jaza, funga, usitie dawa yoyote. Andika mahali, tarehe, saa na kina cha kisima. Kipimo cha vijidudu kina chupa yake iliyotakaswa, ambayo huchukuliwa kwetu, hukaa kwenye barafu na kutufikia ndani ya saa 24. Chupa moja haiwezi kutumika kwa vipimo vyote viwili.

Kuhusu vibali, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Namba 11 ya 2009 inatofautisha mchimbaji na mwenye kisima. Mchimbaji awe na leseni ya Wizara ya Maji. Mwenye kisima aombe kibali kwa bodi ya maji ya bonde lake, ambayo kwa Arusha mjini, Arumeru na sehemu kubwa ya Kilimanjaro ni Bodi ya Maji Bonde la Pangani iliyopo Moshi, kisha alipe ada za matumizi. Kukiuka masharti hayo ni kosa la jinai linaloweza kumfikisha mtu kwenye faini, kifungo au vyote viwili, na kusema mchimbaji ndiye aliyeahidi kushughulikia hakumwondolei mwenye kisima wajibu wake. Na tafadhali: kibali cha kutumia maji si cheti cha ubora. Kinakuruhusu kuyavuta, hakisemi uyanywe.

Mchimbaji anatakiwa kukuachia kumbukumbu za kina, tabaka za miamba, usawa wa maji na uwezo wa kisima. Sampuli ya floraidi ichukuliwe mwishoni mwa jaribio la kupima uwezo huo, kabla hujanunua pampu. Kwenye mkataba andikeni kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya majibu ya maabara. Wachimbaji wengi hawakipendi kifungu hicho. Kiandikeni hivyo hivyo.